“Kwa nini somo wetu ameshika fagio?” Jibu kuhusu Martin de Porres na watakatifu wenzake wa Lima

Swali: “Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo iliyo chini ya usimamizi wa Mt. Martin de Porres. Tarehe 3 Novemba tunaadhimisha sikukuu ya somo wetu, na paroko ameniagiza niandae maelezo ya maisha yake. Nimejikuta katikati ya mzozo. Wazee wanasema alikuwa mtumwa aliyeletwa kutoka Angola, baadaye akawa padre. Mama mmoja ana hakika kwamba Mt. Rosa wa Lima ni dada yake. Vijana nao wamekuja juu: wanasema picha ya mtu mweusi ameshika fagio ni dharau, na kwamba Kanisa lilimchelewesha miaka zaidi ya mia tatu kwa sababu ya rangi, ilhali Rosa alipewa utakatifu haraka. Wanataka tuondoe picha, wengine hata tubadilishe jina la jumuiya. Juu ya hayo, mwanajumuiya mmoja ana kidonda mguuni tangu Pasaka na hataki kusikia habari ya hospitali, kwa kuwa Mt. Martin aliponya kwa mikono na mitishamba. Na jirani zetu wa jumuiya ya Mt. Rosa hawaelewani kama sikukuu yao ni tarehe 23 au 30 Agosti. Nisaidie nisije nikawadanganya watu.”

Jibu: Milele amina, mwenyekiti. Umenimwagia maswali mengi kwa mpigo, lakini nikiyachuja naona hofu moja: unaogopa kusimama mbele ya watu ukasema jambo ambalo kijana mwenye simu mkononi atalipinga kabla hujamaliza sentensi. Hofu hiyo ina msingi, maana nusu ya yanayosimuliwa kuhusu Martin kwenye jumuiya zetu si sahihi, na ile nusu iliyo sahihi inavutia kuliko hizo chumvi.

Nitaanza na kidonda. Mengine yanaweza kusubiri hadi Novemba, kidonda hakisubiri.

Mwambie huyo ndugu kwamba Martin hakuwa mtu aliyeikwepa tiba, yeye mwenyewe alikuwa tabibu wa zama zake. Akiwa na umri wa miaka kama 12 aliwekwa kwa kinyozi ajifunze kazi, na kinyozi wa Lima ya wakati ule hakuishia kwenye nywele na ndevu. Aling’oa meno, alitumbua majipu, alitoa damu wagonjwa kama wanavyofanya wapiga chuku, aliosha na kufunga vidonda, aliunga mifupa. Huo ndio ujuzi Martin alioingia nao kwenye nyumba ya Wadominikani, yaani watawa wa Mt. Dominiko, na ndiyo sababu wakamkabidhi chumba cha wagonjwa. Mitishamba aliyoitumia ndiyo iliyokuwa dawa bora aliyoweza kuipata. Hakuichagua akaacha nyingine.

Kuna jingine ambalo watu wa novena hulisahau. Mojawapo ya miujiza miwili iliyomfikisha kwenye utakatifu ilitokea Tenerife, kisiwa cha Hispania, mwaka 1956. Mtoto mdogo aliangukiwa na kipande kizito cha saruji, mguu ukaoza, na madaktari walikuwa wameshaamua kuukata. Mtoto alikuwa hospitalini. Wataalamu waliochunguza tukio kwa niaba ya Roma walipata cha kuchunguza kwa sababu kulikuwa na madaktari waliouona mguu kabla na baada. Asiyekanyaga hospitali hana ushahidi wa kuletea mtu yeyote, hata Martin mwenyewe akimwombea.

Kidonda ambacho hakijafunga tangu Pasaka kinaweza kuwa dalili ya kisukari, au damu kutofika vizuri miguuni, au maambukizi, wakati mwingine hata saratani ya ngozi. Hakuna mtu anayeweza kuvitofautisha kwa kutazama tu, na mimi wa historia ndio kabisa. Aende kituo cha afya wiki hii, aombe apimwe sukari. Kama kidonda kinanuka, kimeanza kuwa cheusi pembeni, mguu umekufa ganzi au ana homa, mpelekeni leo hii. Kama tatizo ni nauli au gharama, hapo ndipo mfuko wa jumuiya ufunguliwe.

Sasa Martin. Alizaliwa Lima, makao makuu ya utawala wa Hispania katika Amerika ya Kusini na leo mji mkuu wa Peru, tarehe 9 Desemba 1579. Watanzania wataitambua tarehe hiyo mara moja, ila kwa sababu nyingine. Baba yake, Juan de Porres, alikuwa bwana wa Kihispania. Mama yake, Ana Velázquez, alikuwa mwanamke mweusi aliyekwisha kupata uhuru. Kwenye daftari la ubatizo la kanisa la San Sebastián, mahali pa jina la baba paliandikwa kuwa baba hajulikani, ingawa alikuwa anajulikana vizuri na baadaye akawatambua watoto wake wawili, Martin na mdogo wake Juana. Huyo Juana ndiye dada yake wa damu. Rosa hakuwa ndugu yake.

Kwa hiyo hakuletwa kutoka Angola, na wala hakuwa mtumwa. Sheria ya Hispania ilimpa mtoto hali ya mama: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa hata baba awe nani, mama akiwa huru, mtoto ni huru. Ana alikuwa huru, basi Martin alizaliwa huru. Lakini wazee wako wasibezwe, kwa sababu Lima ilikuwa imejaa watu wa Angola na wa Afrika ya magharibi. Watu walipohesabiwa mwaka 1614, mji ulikuwa na wakazi kama 25,000, na zaidi ya 10,000 kati yao walikuwa Waafrika au uzao wao. Ndio walioujenga, kuupikia na kuuosha. Mwaka 1651, miaka 12 baada ya kifo cha Martin, mtumwa kutoka Angola alichora Kristo msulibiwa kwenye ukuta wa udongo katika mtaa wa Pachacamilla. Tetemeko la 1655 likaangusha majengo mengi ya mji, ukuta ule ukabaki umesimama. Hadi leo kila Oktoba nakala ya picha ile hupitishwa barabarani na umati wa watu waliovaa zambarau, na ni mojawapo ya maandamano makubwa kabisa ya Wakatoliki duniani. Nadhani ile “Angola” ya wazee imetoka huku, watu wawili wa mji mmoja wakaunganishwa kuwa mmoja.

Na upadre? Hakuwa padre. Hapa ndipo fagio linapoingia, hivyo nitakaa kidogo.

Kijana Martin alibisha hodi kwa Wadominikani akiwa na miaka kama 15. Mashirika ya kitawa ya Peru yalikuwa na kanuni iliyokataza Waafrika, Wahindi wenyeji na watoto wao kupokelewa kama watawa kamili. Hawakuweza kuvaa vazi lote, kuweka nadhiri za hadhara wala kuota upadre. Mlango mmoja tu uliachwa wazi, ule wa mtu “aliyejitoa” kwa nyumba: anaishi ndani, anafanya kazi za mikono, anasali, lakini hahesabiwi miongoni mwa ndugu. Martin aliingia kwa mlango huo. Kazi alizopewa ni zile walizopewa watu wa rangi yake, yaani kufagia, kufua, kunyoa ndugu, kupiga kengele, kuhudumia wagonjwa. Tarehe 2 Juni 1603, baada ya miaka kama tisa, aliandikwa kuwa ametoa nafsi yake kwa nyumba ile kwa siku zote za maisha yake, akaahidi utii. Hata kwenye andiko hilo hawakuacha kutaja kwamba ni chotara. Wengi wanasema siku hiyo alipokelewa kuwa bruda kamili. Baadhi ya wanahistoria wanasema hali yake kisheria ilibaki ile ile. Wewe sema “bruda” na utakuwa salama.

Vijana wako wako sahihi kwamba fagio halikutoka mbinguni. Lilitoka kwenye kanuni ya ubaguzi iliyokuwa ndani ya Kanisa lenyewe, na usijaribu kuipamba. Lakini wanapokosea ni kudhani kwamba mchoraji ndiye aliyemshikisha fagio ili amdhalilishe. Watu maskini wa Lima walimpenda kwa kazi hizo hizo, na jina la utani la Bruda Fagio analotajwa nalo kwenye nchi za Kihispania ni la mapenzi. Kuna simulizi kwamba nyumba ilipokuwa na madeni na mkuu wake akawa anapeleka vitu sokoni kuuza, Martin alimkimbilia akamwomba amuuze yeye. Kwa kawaida tunaisimulia kama unyenyekevu wa mtumwa. Sasa mnajua alikuwa mtu huru. Mtu huru, msomi wa tiba, aliyejua kabisa kwamba mjini kwake ngozi kama yake ilikuwa na bei. Isome tena hivyo mbele ya vijana uone kama watasinzia.

Lile simulizi la mbwa, paka na panya kula sahani moja mbele ya Martin waachie watoto wa Utoto Mtakatifu, wanalijua kuliko sisi. Mkazo uweke kwenye watu. Alikusanya sadaka kwa matajiri akalisha maskini kila siku, alilaza wagonjwa wa mitaani kwenye kitanda chake mwenyewe hata akakemewa, na inasimuliwa kwamba alihangaikia watoto waliotupwa wapate mahali pa kulelewa. Alifariki kwa homa tarehe 3 Novemba 1639, akiwa na miaka 59. Inasimuliwa kwamba makamu wa mfalme, kabaila wa Kihispania aliyeitwa Conde wa Chinchón, alikuja kumuaga. Jina la Chinchón ndilo lililopewa mti wa Peru ambao gome lake hutoa kwinini, dawa iliyowarudisha kutoka ukingoni mwa kaburi babu zetu wengi waliougua malaria.

Tuje kwenye tuhuma ya kucheleweshwa. Hesabu ya vijana haina kasoro: Rosa alifariki 1617 akatangazwa mtakatifu 1671, miaka 54. Martin alifariki 1639 akatangazwa na Papa Yohane XXIII tarehe 6 Mei 1962, miaka karibu 323. Lakini kuna mtu wa tatu ambaye hawakumweka kwenye hesabu, naye ni Juan Macías.

Macías alikuwa mzungu wa Hispania, mchungaji wa kondoo aliyevuka bahari, akawa bruda mlinda mlango kwenye nyumba nyingine ya Wadominikani pale pale Lima. Alikuwa rafiki wa Martin. Alifariki 1645. Wote wawili walitangazwa wenyeheri, hatua ya kabla ya utakatifu, katika mwezi mmoja, Oktoba 1837, na Macías alingoja hadi 1975 kuwa mtakatifu, miaka 13 baada ya Martin. Kama rangi ingekuwa sababu pekee, Macías angetangulia. (Muujiza uliompitisha ni wa mchele ulioongezeka chunguni huko Olivenza, Hispania, mwaka 1949. Wapishi wa jumuiya watapenda kumsikia.)

Kinachowaunganisha wawili hao ni daraja lao. Mmoja alifagia, mwingine alifungua mlango. Ukitazama waliowahi mapema, unakuta Turibius wa Mogrovejo, askofu mkuu wa Lima, na Fransisko Solano, Mfransisko mhubiri maarufu, wote wakatangazwa 1726. Kesi ya utakatifu ni kesi kweli kweli. Inahitaji mahakama ya askofu kuhoji mashahidi chini ya kiapo, waandishi wa kunakili maelfu ya kurasa, meli ya kuzifikisha Roma, mwanasheria wa kuisukuma huko, na fedha za kuwalipa wote hao kwa miongo mingi. Papa Urbano VIII alikuwa ameongeza masharti, likiwemo la kungoja miaka 50 tangu kifo. Kwa Rosa milango ilifunguliwa, kwa sababu mfalme wa Hispania, mji wa Lima na Wadominikani wote walitaka Amerika ipate mtakatifu wake wa kwanza, wakalipia. Kwa Martin mashahidi walianza kuhojiwa mwaka 1660, nao walizungumza vizuri sana, ila hapakuwa na mfalme aliyekosa usingizi kwa ajili ya faili lake.

Je, rangi haikuhusika? Ilihusika. Ndiyo iliyomweka kwenye daraja lile la chini kuanzia mwanzo. Alipotangazwa mwenyeheri mwaka 1837 utumwa ulikuwa bado halali nchini Peru, haukufutwa hadi 1854. Na bwana aliyemiliki watu hana haraka ya kuona sanamu ya mtu mweusi altareni. Ndiyo maana nakuomba uwape vijana jibu lenye pande zote mbili. Ukiwaambia “rangi haikuwa na neno” utakuwa umewadanganya, na ukiwaambia “ni rangi tu” Macías atakuumbua.

Mwaka 1962 nao una mantiki yake. Miaka miwili kabla, papa huyo huyo alikuwa amempa Laurean Rugambwa wa Bukoba ukardinali, wa kwanza kwa Mwafrika. Tanganyika ilikuwa na miezi mitano ya uhuru. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifunguliwa Oktoba, na Mashahidi wa Uganda wakafuata 1964. Kwa maoni yangu ndiyo sababu jina lake lilienea upesi hivi kwenye parokia za Afrika: alifika wakati watu wakimtafuta mtu wa sura yake.

Turudi kwenye picha na jina. Kuondoa picha kimya kimya nakushauri usifanye. Waliompenda miaka yote hiyo wataona wametukanwa, na vijana hawatakuwa wamejifunza chochote. Kuibakiza bila maelezo nako hakufai, maana malalamiko yao ni ya haki. Kuna michoro inayomwonyesha akiwa na kikapu cha dawa, au akifunga kidonda cha mgonjwa. Tafuteni mojawapo muitundike kando ya ile ya zamani, na siku ya somo umpe kijana mmoja aeleze ile kanuni ya watu “waliojitoa” kwa maneno yake. Kubadili jina la jumuiya ni jambo jingine. Hilo haliamuliwi kwenye kundi la simu usiku. Nendeni kwa paroko ana kwa ana, vijana na wazee pamoja, na kama kuna Mdominikani anayefikika mwombeni aje azungumze, kwani shirika lake ndilo lenye kisa hiki, liwe ndilo linalojibu.

Ukiona muda unaruhusu, waletee pia watu wengine wawili wa Lima wasioimbwa kwenye litania. Úrsula de Jesús, aliyezaliwa 1604, aliishi miaka mingi akiwa mtumwa ndani ya konventi ya Mt. Klara, akanunuliwa uhuru wake, kisha akabaki humo humo kama “aliyejitoa”. Ameacha shajara ya sala na maono yake, maandishi ya nadra mno kwa mwanamke mweusi wa karne ya 17, na ndani yake analalamika waziwazi jinsi masista walivyomtuma. Mwingine ni José Manuel Valdés, chotara aliyezaliwa Lima 1767. Wakati wake wapasuaji wengi wa mji walikuwa weusi na machotara, lakini shahada ya udaktari walinyimwa; yeye aliipata baada ya kibali cha mfalme cha mwaka 1806, na Peru ilipokuwa jamhuri akapanda hadi kuwa mganga mkuu wa nchi. Daktari huyo ndiye aliyekaa akaandika kitabu cha maisha ya Martin. Mimi ningeanza na huyu kwa vijana wa sekondari, kabla hata ya Martin mwenyewe.

Yule mama anayesema Rosa ni dada yake Martin ana chembe ya ukweli. Rosa, aliyeitwa Isabel Flores de Oliva, alizaliwa 1586 na kubatizwa San Sebastián, kanisa lile lile la Martin. Aliishi mjini humo wakati mmoja naye, na leo masalia yao pamoja na ya Macías yamewekwa kwenye kanisa la Santo Domingo. Rosa naye hakuwa sista wa konventi. Alikuwa mlei wa Utawa wa Tatu wa Mt. Dominiko, akiishi nyumbani na kusaidia familia kwa kudarizi na kuuza maua. Wasichana wasipewe mifungo yake kama kielelezo, ilikuwa mikali kupita kiasi na hata walezi wake wa kiroho waliihofia.

Kuhusu tarehe, majirani zenu wa pande zote mbili wana haki. Rosa alifariki 24 Agosti, siku ambayo tayari ni ya Mt. Bartolomayo Mtume, hivyo sikukuu yake ikasogezwa, na kwa muda mrefu ikawa 30 Agosti. Mageuzi ya kalenda ya mwaka 1969 yakaiweka 23 Agosti kwa Kanisa zima. Peru ilibaki na 30, na hadi leo ni siku ya mapumziko nchini humo. Wao wafuate kalenda iliyopo sakristia, yaani tarehe 23. Ikiangukia katikati ya wiki na watu wako kazini, wamwombe paroko ruhusa ya kufanya sherehe Jumapili inayofuata.